Ngozi, kano na kwato: kipi kinafaa kwa kazi gani katika hewa ya Lamu

Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, ukikaribia, maswali ni yale yale. Ngozi ya mbuzi wa Idi tuiwambe ngoma, tuitengeneze msala, au tuitupe? Kano zinafaa kushonea? Na hizi kwato, kweli huchemshwa zikawa gundi? Mtu akitafuta majibu mtandaoni hukutana na wawindaji wa nchi za baridi, ambao kwao kila kipande cha mnyama kina kazi: ngozi ni nguo, kano ni uzi, kwato ni gundi. Huko kwao hewa ni kavu na baridi hulinda vitu visioze. Lamu ukianika shati usiku, asubuhi bado lina unyevu. Ndiyo maana mimi sianzi kwa kuuliza kipi ni imara zaidi. Nauliza kitu hiki kikilowa kitafanya nini, na kwa kipimo hicho baadhi ya vitu vinavyosifiwa sana vinashuka daraja.

Mnyama wa mwindo au wa kuchinjwa

Kwa aliye Kenya hapa hapana cha kuchagua, maana sheria imeshachagua. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mwaka 1978 ikafungwa na biashara ya nyara. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haihesabu pembe za ndovu peke yake kuwa nyara. Ngozi ya paa ni nyara, kwato za nyamera ni nyara, na mfupa wa mnyama uliyemkuta amekufa kando ya barabara ya Mokowe nao ni nyara. Kukaa navyo bila kibali ni kosa, hata kama hukumuua wewe. Kwa hiyo ukiletewa ngozi ya kenge kwa bei ya urafiki, kwa kuwa engalabi ya Uganda huwambwa kwa ngozi hiyo na sauti yake ni kali, iache mikononi mwa aliyeileta. Tanzania mambo ni tofauti: huko uwindaji wa leseni upo, na mwenye karatasi zake anaweza kuyatumia maelezo haya yote kwa ngozi ya pofu au nyumbu.

Ila wajuzi wa kwanza wa kazi hii upande wetu walikuwa wawindaji, na si haki kuwaruka. Nyuma ya Malindi, kuelekea mto Galana na Tsavo, wapo Waata, ambao watu wa pwani huwaita Wasanye au Waliangulu. Hawa walikuwa na uta mrefu mgumu kuvuta, wa kuangushia ndovu kwa mshale wa sumu, na ugwe wake ulisokotwa kwa kano za twiga. Lamu upande wa bara, kwenye msitu wa Boni, wapo Waaweer, tuliozoea kuwaita Waboni. Hao hawakuchagua kano kwa kukosa kamba. Kwenye nyika kavu, kano la mnyama mkubwa lina nguvu nyingi kwa unene mdogo, na hilo ndilo ugwe wa uta unalotaka.

Tukiweka sheria kando, mnyama wa mwindo na wa zizini hutofautiana kwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni damu. Aliyechinjwa ipasavyo hutoka damu nyingi, na ngozi yake hubaki safi. Aliyepigwa mshale au risasi akakimbia hufa na damu mwilini, na damu iliyobaki kwenye ngozi huiozesha upesi na kuiachia madoa yasiyotoka. La pili ni matundu. Tundu la risasi katikati ya ngozi ya ngoma ni mwisho wa ngoma, ilhali mchinjaji wetu hupasua katikati ya tumbo, na mgongo, ambao ndio sehemu bora, ukabaki mzima. Ubaya wa mnyama wa zizini ni kupe, miba, na chapa za moto. Ng'ombe wanaoletwa kutoka Garissa na Tana River mara nyingi wana alama ubavuni. Ukinunua ngozi kwa mchinjaji igeuze upande wa nyama uitazame kwenye mwanga kabla hujatoa pesa.

Na yule aliyekufa mwenyewe, awe mbuzi au punda, usimchune. Ugonjwa wa kimeta hukaa kwenye ngozi na manyoya miaka na miaka, na kukausha hakukiui. Mwaka 2008 mtengenezaji ngoma mmoja jijini London alifariki kwa kimeta alichovuta kwa pumzi akiwa kazini na ngozi za wanyama. Hakumla mnyama wala hakumchinja. Alikwangua manyoya tu.

Kwa Waislamu kuna sababu nyingine. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, ngozi ya mzoga hutoharika ikidabighiwa, yaani ikitengenezwa kwa kitu kikali chenye kukausha utando wake, wala kuianika juani hakutoshi. Manyoya yake hayatohariki kwa kudabighiwa, na kano, mfupa na kwato za mzoga hubaki najisi. Anayetaka msala wa kuswalia wenye manyoya ahakikishe basi mbuzi alichinjwa. Na kama ni mbuzi wa udhhiya, yaani wa kuchinjwa Idi, ngozi yake haiuzwi, wala mchinjaji hapewi kuwa ujira. Aliyechinja huitumia mwenyewe au huitoa sadaka. Mengine muulize shekhe wa mtaani kwako.

Mbuzi au ng'ombe

Hapa ndipo pesa na jasho jingi hupotea, kwa sababu watu huchagua kwa ukubwa. Ngozi ya ng'ombe ni kubwa, basi ni bora. Sivyo.

Ngozi ya mbuzi ikishakauka na kukwanguliwa huwa na unene wa kama milimita moja, mbili zikizidi. Ya ng'ombe ni mara tatu au nne ya hapo, na shingoni zaidi. Kwa twari, ngoma za mkononi, yale ya Maulidi yanayopigwa uwanja wa Msikiti wa Riyadha, mbuzi hana mshindani. Vidole vinataka ngozi inayojibu, na ya ng'ombe itakujibu kesho. Kwa kibangala, ala ya nyuzi ambayo tumbo lake huwambwa ngozi kama ngoma ndogo, ni mbuzi tena, na mchanga wa umri kama wapatikana. Kwa chapuo, ngoma ndogo, mafundi hutofautiana. Mimi ningeweka mbuzi jike aliyezaa, ambaye ngozi yake ya mgongo ni nyembamba na imelingana, kuliko beberu. Ngozi ya beberu ina harufu ambayo haikimbizwi na chokaa wala ndimu, na shingoni ni nene kupita kiasi. Wapo wanaolipenda beberu kwa sababu hiyo hiyo ya unene, wakisema lastahimili fimbo. Kweli, lakini chapuo la mkono halipigwi fimbo.

Kwa vumi, ngoma kubwa ya chini, chukua ng'ombe. Sauti nzito hutaka ngozi nzito, na kipigo chake kingepasua mbuzi kwa usiku mmoja wa harusi. Ila chukua ng'ombe mdogo au ndama mkubwa, kwani ngozi ya fahali mzee huwezi kuivuta kwa mikono. Ukiikaza nusu, itakauka nusu, na ngoma itabaki kubweka kama debe.

Kwa viatu ni ng'ombe kwa soli, na kwa kanda za juu ni mbuzi au ng'ombe aliyepunguzwa unene. Mafundi wa makubadhi wa Siyu, kisiwani Pate, waliojulikana kwa kazi ya ngozi tangu zamani za nakala za misahafu na majambia, hushona tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na kazi yake. Kiatu cha mbuzi mtupu utakivaa Idi kwa Idi.

Kuhusu hewa: zote mbili hunywa unyevu, lakini mbuzi hunywa haraka na hukauka haraka. Twari lililolegea saa mbili usiku hupashwa kwenye makaa kwa dakika chache na sauti inarudi. Vumi la ng'ombe huchelewa kulegea, na likishalegea, msimu wa masika hasa, utalizungusha motoni mpaka watu waende zao. Kama kikundi chenu hupiga nje usiku, karibu na maji, hilo nalo litieni kwenye hesabu. Ngozi za plastiki za dukani hazilegei kabisa, na kwa kazi ya kila wiki sioni aibu kuzitumia. Sauti yake ni nyembamba na haina mwisho mzuri, lakini haikuaibishi mbele ya bwana harusi. Kikundi chenye twari tano kinaweza kuweka mbili za plastiki na tatu za mbuzi, wala msikilizaji hatajua.

Ikauke tu, itiwe shabu, au itiwe magome

Ngozi yoyote utakayoichagua, saa za kwanza ni zile zile. Kwa joto letu, ngozi ikikaa bunda kwenye mfuko wa plastiki tangu asubuhi hadi alasiri, manyoya yameanza kung'oka yenyewe, na hiyo ni dalili kwamba imeoza juu juu. Kwangua nyama na mafuta, osha damu, kisha itie chumvi upande wa nyama. Kipimo cha kawaida ni theluthi ya uzito wa ngozi, na kwa joto la pwani mimi hukaribia nusu. Ngozi ya mbuzi ya kilo mbili basi itataka karibu kilo moja ya chumvi. Chumvi ya bahari ya Gongoni, upande wa Malindi, inafaa na ni rahisi, alimradi iwe safi. Ile iliyofagiliwa chini ina wadudu wadogo wapendao chumvi na huacha madoa mekundu. Ikunje, iinamishe maji yatoke. Hapo umejipa siku za kufikiri.

Sasa njia tatu.

Ya kwanza ni ngozi kavu isiyodabighiwa. Unaiosha chumvi, unailoweka kwenye maji ya chokaa siku tatu hadi wiki, unakwangua manyoya, unaiosha tena na tena, kisha unaiwamba ingali na maji. Ngozi ivute ili maji, ndivyo wasemavyo, na hapa methali ni maelekezo ya kazi: ikikauka juu ya mzinga hujikaza yenyewe kuliko mkono wowote ungeweza. Chokaa tunayo, ile ya matumbawe inayojengewa nyumba za mji. Tumia iliyokwisha kuzimwa kwa maji, linda macho, na vaa glavu, kwani maji yake huchoma ngozi yako kama yanavyochoma ya mbuzi. Mwisho isuuze kwa maji yenye ndimu au siki kidogo ili ukali wa chokaa uondoke, la sivyo ngozi itakuwa ngumu na yenye kuvunjika. Kausha kivulini penye upepo. Jua la mchana la Lamu huipika ngozi mbichi, na sehemu iliyopikika haivutiki tena na hupasuka kwa kipigo cha kwanza. Njia hii ndiyo ya ngoma na kamba za ngozi, na ni hizo tu. Ikilowa inarudi kuwa mbichi, ikibaki mbichi inaoza. Kiatu cha ngozi ya namna hii ukivuka nacho maji ya kupwa utarudi na kitu kama utumbo mguuni.

Ya pili ni shabu na chumvi. Shabu ile ile ya kusafishia maji na kupaka baada ya kunyoa. Hii ndiyo njia ya msala wa manyoya, kwa sababu hufanya kazi bila kung'oa nywele, na ngozi hutoka nyeupe na laini ukiikunjakunja wakati inakauka. Kazi yake ni siku chache na gharama yake ndogo. Kasoro yake ni maji: shabu haishikani na ngozi moja kwa moja, na ukiufua msala kwa ndoo, dawa yatoka na ngozi yarudi ngumu. Kwa msala wa chumbani, unaokung'utwa na kuanikwa, ni chaguo langu la kwanza. Kwa kitu cha kuweka ukumbini ambako watoto hukimbia na miguu yenye maji, sitaki kuusikia.

Ya tatu ni magome. Lamu imezungukwa na dawa hii: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko hapa, na gome la mkoko na la mkandaa lina tanini nyingi kiasi kwamba enzi za ukoloni lilisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Tanini hushikana na nyuzi za ngozi na haitoki kwa maji. Ndiyo maana kitu chochote kitakachotembea ufukoni, kupanda mashua au kufungwa punda kinataka njia hii. Rangi hutoka nyekundu ya kahawia, na ngozi huwa ngumu kidogo, ambayo kwa soli ni sifa. Kwa mkoba laini utahitaji mafuta mengi na mikono yenye subira, au uchanganye na unga wa gome la muwati kutoka bara ukiupata.

Ugumu wake ni muda. Magome hupondwa, huloweshwa, na ngozi huanza kwenye maji mepesi kisha makali zaidi kila baada ya siku kadhaa. Ukianza na makali, tabaka la juu hufunga na la ndani hubaki bichi. Mbuzi huchukua majuma mawili hadi mwezi, na ng'ombe wa soli huchukua miezi. Kata pembe ndogo ya ngozi uitazame kati: ukiona mstari mweupe, bado. Tena mikoko haikatwi kiholela. Kukata kunataka kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, na mti ukiambuliwa gome ungali umesimama hufa. Waombe wanaoambua boriti na pau zilizokatwa kwa kibali. Kwao ni taka, kwako ni dawa.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mtu anayeanza, ni mbuzi wa ngozi kavu kwa twari. Hasara yake ikitokea ni ya wiki mbili. Ya magome ikiharibika umepoteza msimu.

Kano au nailoni

Kano zina sifa kubwa mtandaoni, na nyingi ni za kweli. Uzi wa kano una nguvu, una gundi yake ndani, huvimba kwenye tundu la sindano ukaliziba, na ukikauka hujikaza bila fundo. Kufunga kichwa cha mshale kwenye uti wake kwa kano iliyolowa mate ni kazi ya dakika, na ikikauka haichomoki.

Ukiamua kujaribu, chagua kati ya kano mbili. La mgongo ni utando mpana unaong'aa uliolala juu ya minofu ya pande mbili za uti. Hubanduliwa kwa kisu butu, hukwanguliwa nyama, hutandazwa juu ya ubao kukauka, kisha nyuzi huchanwa kwa kucha. Kwa ng'ombe hupata nyuzi za dhiraa moja na zaidi, kwa mbuzi ni fupi sana. La mguu, lile la nyuma juu ya kisigino, ni la mviringo na nene. Lazima likauke kabisa mpaka ligonge kama kijiti, ndipo lipondwe kwa nyundo ya mti juu ya gogo mpaka lifumuke. Nyuzi zake ni fupi na kazi ni kubwa. Kwa kushona chukua la mgongo. La mguu liwe la kufungia na la kusokota. Mchinjaji hukata la mgongo pamoja na nyama bila kujua, kwa hiyo mwambie mapema, na mwambie kwa heshima, siku ya Idi hana muda wa porojo. Likishatandazwa juu ya sakafu ya dari lifunike kwa wavu wa chuma. Paka wa Lamu hawajui kwamba ni uzi.

Sasa lirudishe kwenye kipimo chetu. Kano likipata unyevu hulegea na kurefuka. Kwenye nyika za Waata mvua ilikuwa jambo la msimu, na mwenye uta aliufunika. Hapa unyevu ni wa kila usiku. Mshono wa kano kwenye kiatu kinachokanyaga maji utaachia, utavutia panya na dudu wa ngozi, na mwishowe utaoza kabla ya ngozi yenyewe. Nailoni iliyotiwa nta haifanyi lolote kati ya hayo. Kasoro ya nailoni ni kwamba ni ngumu kuliko ngozi: ukiikaza kupita kiasi hukata tundu kama msumeno, hasa kwenye ngozi ya mbuzi. Uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki uko katikati. Haukati, haulegei sana, lakini hauishi miaka mingi.

Basi makubadhi na mikoba ni nailoni, kwa mishono mipana kidogo. Twari na kibangala vinavyokaa ndani vyafaa pamba au kano, kwa anayependa kazi ya asili. Kukazia ngoma kubwa acha vyote, kata kanda kutoka kingo za ngozi ile ile uliyowambia. Vitalegea pamoja na kukazana pamoja, na hilo nailoni haiwezi.

Kwato, pembe, na habari ya gundi

Kwato nitazipitia haraka kwa sababu thamani yake ni ndogo kuliko sifa zake. Ganda la kwato limeumbwa kwa kitu kile kile cha kucha na nywele, nalo haliyeyuki kuwa gundi hata ulichemshe mchana kutwa. Kinachotoa utelezi kwenye sufuria ya supu ya miguu ni ngozi, kano na mifupa iliyo ndani ya ganda. Anayetaka gundi achukue vipande vya ngozi vilivyobaki, vilivyokwanguliwa na kuoshwa chokaa, aviloweke usiku mmoja, kisha avipashe kwa maji ya moto yasiyochemka, kadiri ya nyuzi 60 hadi 65, saa kadhaa. Ikichemka nguvu yake hupungua. Chuja, ipoe, ni gundi.

Je, itumike badala ya gundi nyeupe ya mafundi seremala? Kwa ala za muziki, ndiyo. Udi au kibangala kilichogundishwa kwa gundi ya ngozi hufunguka kwa mvuke siku ya matengenezo bila kuvunja mbao, na gundi ya dukani haikupi nafasi hiyo. Kwa mlango, kiti, au chochote chenye kukaa barazani, hapana. Kwa mashua hata usifikiri, itayeyuka ungali gatini.

Ganda lenyewe, likishang'olewa baada ya kuchemshwa, hushindana na pembe kwa kazi ndogo za kuchonga, na hushindwa karibu kila mara. Kwato la ng'ombe ni la matabaka na hupasuka likitobolewa karibu na ukingo. Pembe ni ndefu, hunyooka ikipata moto, na hung'aa ikisuguliwa kwa jivu na mafuta ya nazi. Mpini wa kisu, kitana, kifungo cha kanzu, vyote ni pembe. Kwato nazipendelea kwa jambo moja tu: vikwato vya mbuzi vilivyokauka, vikitobolewa juu kabisa na kutungwa kwenye ukanda wa mguuni, hulia mlio mkavu mzuri kwa mchezaji ngoma. Havipati kutu kama njuga za bati. Vikaushe wiki kadhaa kivulini kabla ya kutoboa, na toboa polepole, maana moto wa keekee huvitoa harufu ya nywele zilizoungua.

Zinazobaki zinafaa shambani. Kwato na pembe zina naitrojeni nyingi, ila huitoa kidogo kidogo, kwa hiyo zizike chini ya mnazi au mwembe, si kwenye kitalu cha mchicha. Shimo lifike goti, na juu yake weka jiwe la matumbawe, la sivyo mbwa watazifukua kabla mti haujapata kitu.